Nyumba ya Ng'ambo ya Barabara

Katika Opal humwoni mtu akimpiga mtoto. Hakuna kiboko wala mlango uliotiwa kufuli. Babu yupo, baba yupo, mama yupo. Wote watatu wamo ndani, wanaongea, tena wanaimba. Hata hivyo filamu hii fupi ya dakika kama 12, iliyotengenezwa na Mmarekani Jack Stauber kwa vinyago vya udongo na kuonyeshwa Oktoba 2020, ilininyima usingizi kuliko sinema yoyote ya majini na mapanga niliyowahi kutazama.

Aliyenionyesha ni binti ya kaka yangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliyekuja kwetu Chepsaita likizo ya Desemba. Mahindi yalikuwa yameanikwa uani juu ya turubai, nasi tumekaa kuyalinda dhidi ya kuku na mawingu. "Senge, tazama hii," akaniambia mimi shangazi yake, akinipa simu. "Lakini kama umekula sasa hivi, ngoja kidogo." Vijana wa siku hizi wana huruma ya aina yake.

Kisa chenyewe nitakieleza hadi mwisho, maana bila mwisho wake hakina maana. Opal ni msichana mdogo anayeishi na familia inayompenda kupita kiasi. Wanamkumbatia, wanamwimbia, wanamhakikishia kwamba wanamwona. Sharti lao ni moja: asiitazame nyumba iliyo ng'ambo ya barabara. Usiku anasikia kilio kikitoka huko, anachungulia dirishani, kisha anatoroka kwenda kuona ni nani analia. Ndani ya nyumba ile anamkuta babu kipofu aliyezama katika moshi wa sigara mbele ya televisheni. Anamkuta baba aliyezungukwa na vioo, ambaye kila neno analomwambia mtoto linarudi kwenye uso wake mwenyewe. Anamkuta mama amelala na chupa zake. Kila mmoja anamwita Claire. Msichana anapanda hadi chumba cha juu kabisa kunakotoka kilio, na hakuna mtu. Kuna dirisha. Anatazama nje, upande ilipo nyumba yake yenye upendo, naye haoni nyumba. Anaona bango la matangazo la mkahawa, limechorwa familia inayotabasamu. Opal ni mtoto wa kwenye bango. Aliyekuwa akilia ni yeye, Claire, na nyumba ya kutisha ndiyo kwao. Wakubwa wanaanza kumwita kutoka chini, naye anafanya jambo la pekee analoliweza: anarudi ndani ya bango.

Nilimrudishia binti simu, nikanyanyuka kugeuza mahindi ambayo hayakuhitaji kugeuzwa.

Kwa asiyeijua, Chepsaita iko upande wa Turbo, kaunti ya Uasin Gishu. Miaka hii jina lake limevuma kwa sababu ya mbio za nyika, na wanariadha wenye medali zao wamekanyaga nyasi ambazo sisi tulichungia ndama. Nilipokuwa mtoto hapakuwa na kamera. Palikuwa na mahindi, maziwa, na barabara ya murram iliyogeuka tope msimu wa masika. Ng'ambo ya barabara hiyo, mkabala na lango letu, palikuwa na boma lililosifiwa na kila mtu.

Mabati yake yalikuwa mapya. Ng'ombe wake walikuwa wa gredi, na trekta ililala chini ya paa wakati watu wengine walikuwa bado wanalala chini ya nyasi. Baba wa boma alitajwa kwenye baraza la chifu kama mkulima wa kuigwa, na sifa hiyo aliistahili: jioni ungemkuta akihesabu magunia, akipima dizeli kwa kijiti, akiandika kwenye daftari. Baba yake, mzee sana, alikaa barazani na redio mapajani, na ukimwamkia aliinua kidole ungoje habari ziishe. Habari hazikuisha. Mama wa boma alikuwa amezika mtoto mchanga, na tangu siku ile alikuwa akipika, akifua, akienda kanisani, lakini macho yake yalipita juu ya kichwa cha mtu aliyesema naye. Wanawake wa kijiji walisema ana maringo. Leo daktari angemtajia ugonjwa na kumpangia siku ya kurudi kliniki. Enzi zile aliambiwa ana maringo, basi.

Palikuwa na mtoto mwingine aliyebaki, mvulana, darasa moja nyuma yangu.

Alikuwa akija kwetu jioni, giza likianza kushika. Alisimama nje ya jiko la kogo, nyanya yangu, na kusema, "Nimetumwa chumvi." Kila mtu alijua kwao kuna chumvi. Kogo alijua kuliko wote, maana yeye na mama yule walikwenda soko moja. Hakuwahi kumwambia, "Rudi kwenu." Wala hakumuuliza, "Kwani kwenu kuna nini?" Alisema, "Chumvi itapatikana. Kwanza nishikie koroboi."

Kazi yenyewe ilikuwa ya kweli. Kogo alitengeneza mursik, maziwa yetu ya mgando, na kabla ya maziwa kutiwa kwenye sotet, kibuyu husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, ukisagwa kwa fimbo ya sosiot hadi ukuta wote wa ndani uwe mweusi. Ndani ya kibuyu huoni kitu bila taa. Mvulana alipiga magoti, akaleta mwanga wa koroboi karibu na mdomo wa kibuyu bila kuunguza nywele za kogo, na kogo akawa anamwuliza, "Huku pameshika? Na huku?" Ilibidi ajibu, na jibu lake lilifuatwa. Akisema bado, kogo alisugua tena.

Kisha likaja swali lake la kila jioni: "Leo mwalimu wenu alivaa nini?"

Ni swali la ajabu. Kogo hakusoma, na mavazi ya walimu hayakumhusu ndewe wala sikio. Lakini yule mvulana alijibu kwa kirefu: koti la kahawia, kifungo cha pili hakipo, kiatu kimepigwa kiraka upande. Kogo alicheka, akataka kujua kiraka ni cha ngozi au cha mpira. Baada ya hapo mvulana aliandaliwa ugali na mboga ya isagek, akala pamoja nasi kwa kuwa ameshika taa, na mshika taa hali chakula cha kuomba. Alirudi kwao na chumvi kidogo iliyofungwa kwenye karatasi ya daftari. Sijui ilikwenda wapi chumvi yote ile.

Kitu kingine alichokuwa nacho ni mjomba. Mjomba huyu aliishi Eldoret, alikuwa na lori, na angekuja kumchukua shule zikifungwa. Tulilijua jina lake, tukajua anapenda chai ya maziwa matupu, tukajua kwamba ameshanunua kitanda cha pili. Hakuna aliyemwona. Tulipokuwa watu wazima nilikutana na mvulana yule, sasa fundi wa magari pale Turbo, baba wa watoto, anayeniita mwalimu kama wanavyoniita wengine. Nikamuuliza juu ya mjomba. Alicheka hadi akaweka spana chini. Jina la mjomba lilikuwa limeandikwa ubavuni mwa lori la kubeba maziwa lililopita barabarani alfajiri. Dereva aliwahi kumpungia mkono. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Stauber, ambaye pengine hajawahi kusikia Uasin Gishu inatajwa, hakutunga jambo geni. Mtoto asiyeonekana hujijengea familia kwa nyenzo iliyo karibu. Claire alipata bango. Jirani yangu alipata ubavu wa lori.

Aliniambia na jambo jingine, nalo nililihitaji zaidi. Nilikuwa nimesema, kwa ile sauti ya huruma tuliyo nayo walimu, kwamba nakumbuka alivyokuwa na njaa. Akanikatiza. "Mwalimu, kwetu chakula kilijaa. Nilikuwa nakula huko tena nikitoka kwenu. Nilikuwa nakuja kwa sababu ya lile swali. Unajua nilikuwa namwangalia mwalimu siku nzima, ili nisikose cha kumwambia kogo?"

Watu wakizungumza juu ya watoto waliotelekezwa katika pembe hizi, mawazo hukimbilia Eldoret mjini: watoto wa mitaani wenye chupa za gundi puani, wanaolala katika maskani wanayoyaita baraksi. Ni kweli wapo, na wamechunguzwa sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Marekani na Kanada walianza mwaka 2010 kufuatilia hali ya watoto wa Uasin Gishu, wa majumbani, wa kwenye makao ya kulelea na wa mitaani. Jambo moja linalowashangaza wasomaji wa kazi za namna hiyo ni kwamba wengi wa watoto wa mitaani si yatima kamili. Wana mzazi hai, angalau mmoja. Mimi halinishangazi. Tunadhani kutelekezwa ni kukosa watu. Opal inasema, na boma la ng'ambo lilisema kabla yake, kwamba mtoto anaweza kutelekezwa katika nyumba iliyojaa watu, kila mmoja akiwa kwenye kiti chake.

Sayansi ilichukua muda kukubali hilo, na ilisaidiwa na filamu. Katika miaka ya 1940 daktari René Spitz aliwalinganisha watoto wachanga wa mahali pawili: gereza la wanawake, ambapo akina mama waliwalea watoto wao wenyewe, na makao ya watoto yaliyokuwa safi, yenye chakula cha kutosha na madaktari, lakini yenye wauguzi wachache mno wa kuwabeba. Katika yale makao safi, zaidi ya theluthi ya watoto walikufa kabla ya miaka miwili ya uchunguzi kwisha. Gerezani hawakufa. Spitz alirekodi watoto wale kwa kamera, na mwaka 1947 akawaonyesha madaktari wenzake filamu isiyo na sauti: mtoto analia, siku zinapita, mtoto halii tena, anatazama tu. Hakuna kinyago cha udongo pale, wala wimbo. Ukiwa umeiona hiyo, Opal huioni tena kama mambo ya ajabu. Unaiona kama taarifa.

Miaka ya 1970 Edward Tronick akaja na jaribio dogo zaidi. Mama anacheza na mtoto wake mchanga, kisha anaambiwa aukaushe uso, asicheke wala kununa, kwa dakika chache tu. Mtoto anatabasamu ili kumrudisha. Anaonyesha kidole. Anapiga kelele. Halafu anageuza uso pembeni na kulegea. Jaribio linaisha, mama anacheka, mambo yanarudi. Mimi huwaza juu ya mtoto ambaye kwake jaribio halikuisha.

Lakini hapa sharti nitofautiane kidogo na filamu, au na namna inavyoweza kusomwa na mtu wa mbali. Katika nyumba ya Claire, wazazi wakishashindwa hakuna mtu mwingine duniani. Kwetu mambo hayakuwa hivyo, na haifai kumhukumu mama wa Chepsaita kwa kipimo cha nyumba ya Marekani. Mama anayeamka usiku kwenda kukamua ng'ombe wa watu na kumwacha mtoto na dada yake hajamtelekeza. Charles Super na Sara Harkness waliishi kwa ndugu zetu Wakipsigis, katika kijiji cha Kokwet, kati ya 1972 na 1975 na kueleza kwa makini jinsi ulezi ulivyogawanywa: mama alikuwepo, lakini pia kulikuwa na cheplakwet, msichana mdogo aliyekabidhiwa mtoto ambebe mgongoni na kumwimbia. Mtoto alipita mikononi mwa watu wengi. Mama akinyamaza kwa majonzi, palikuwa na macho mengine.

Mwaka 2003 serikali ilifuta karo ya shule za msingi, na cheplakwet akaenda darasani. Alistahili kwenda, mimi nisingekuwa mwalimu kama wasichana wangeachwa nyumbani na migongo yenye watoto. Ila hatujasema kwa sauti kwamba alipoondoka kiti chake kilibaki kitupu. Tulimtoa mtu kazini bila kuajiri mwingine. Mashamba yamegawanywa, akina kogo wanaishi peke yao kwenye vipande vyao, vijana wako Eldoret au Qatar, na mtoto wa miaka mitatu anakaa na simu. Simu ina familia nyingi zinazotabasamu.

Tuna msemo tunaoupenda kwenye mikutano, kwamba mtoto ni wa kijiji. Kijiji hichohicho kina sheria nyingine isiyoandikwa, na ndiyo inayofuatwa: mambo ya boma la watu usiyaingilie. Wazazi wa Opal walimkataza kutazama ng'ambo; nasi tulikatazwa. Mama yangu alituambia tusiwe tunakodolea lango lile. Hakuwa mkatili. Aliogopa kuonekana mchunguzi, na katika kijiji ambapo mtakutana kisimani, kwenye mazishi na kwenye foleni ya mbolea maisha yenu yote, hofu hiyo si ndogo. Ndiyo maana nampenda kogo kwa hila yake. Hakuvuka barabara. Hakumshtaki mtu. Alihitaji taa tu.

Je, angekwenda kwa chifu? Leo kuna njia. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinamlinda mtoto dhidi ya kutelekezwa na kumpa haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, wawe wameoana au la. Kuna Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001. Kuna namba 116, unapiga bila malipo. Mambo haya nayafundisha na nayaamini. Mtoto aliyepigwa au kunyimwa chakula asingoje mtu mwenye busara ya kuulizia viatu vya mwalimu. Lakini jaribu kumwandikia afisa wa watoto shitaka la boma la ng'ambo. Analala wapi? Kitandani. Anakula? Sana. Anasoma? Karo imelipwa na sare ni mpya. Wamemkosea nini? Hawamwulizi kitu. Afisa ana faili za watoto waliochomwa kwa maji moto juu ya meza, na ana haki ya kukuangalia vibaya.

Binti ya kaka yangu hakubaliani nami kuhusu mwisho wa filamu. Yeye anasema Claire ameshinda, kwa kuwa wamemnyima kila kitu ila hawakuweza kumnyima Opal. Tulibishana hadi kuku wakala sehemu yao. Nikamwambia mtoto anayerudi ndani ya bango hajashinda. Amejificha mahali ambapo hakuna atakayemfuata. "Lakini yule jirani wenu alikuwa na mjomba," akasema, "na amekuwa mtu mzima mwenye akili zake." Nikasema alikuwa na mjomba na pia alikuwa na kogo, na mjomba hakuwahi kumuuliza swali hata moja. Akafikiri. Akasema labda bila mjomba asingepata ujasiri wa kuvuka barabara kwenda kwa kogo. Sikuwa na jibu, na bado sina.

Nilimtafutia filamu nyingine tuitazame usiku ili tulale, Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018, ambayo ni ya kwetu Kenya. Msichana mgonjwa asiye na siku nyingi anataka kuwa shujaa wa sinema, na kijiji kizima kinakubali kumtengenezea filamu. Ni hadithi tamu na nililia mahali pale pale ninapolia siku zote. Hata hivyo niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona mwanzo: msichana yule anaonekana na kila mtu kwa kuwa anakufa. Ugonjwa una dalili, una hospitali, una michango. Mtoto mzima, mwenye sare safi, ambaye hakuna anayetaka kujua siku yake ilikwendaje, hachangiwi.

Darasa langu lina watoto wengi kuliko madawati. Muhula uliofuata nilianza kuwauliza baadhi yao, asubuhi wakati wa kuita majina, swali moja dogo la kipuuzi: njiani umekutana na ng'ombe wa rangi gani, jana jogoo wenu aliwika mara ngapi. Siwaulizi mambo ya nyumbani. Wengi hujibu neno moja na kukaa. Wapo wawili watatu ambao sasa hufika na jibu tayari, refu, na wakiona nimewaruka siku hiyo hubaki wamesimama. Kiranja ameanza kulalamika kwamba kuita majina kunameza nusu ya somo la hesabu, na naibu wa mwalimu mkuu amekubaliana naye. Ameniomba nihamishie maswali yangu wakati wa chakula cha mchana. Nimemjibu kwamba mchana wale ninaowataka hukaa nyuma ya choo peke yao. Tutalizungumza tena kwenye kikao cha walimu.